Marafiki Wanapokuja Kukagua Picha Ulizowatumia

Rafiki wa nyumbani anayekutembelea unakosoma haji kuuona mji. Mji ameshauona. Umemtumia picha zake tangu wiki uliyofika: maktaba yenye nguzo ndefu, daraja, wewe umesimama kando ya mto ndani ya koti la kuazima, unacheka. Anachokuja kukiona ni vile vitu ambavyo havikuingia kwenye picha, hata kama mwenyewe anapokata tiketi anaamini anakwenda kutalii. Chumba chako. Jiko la pamoja lenye ratiba ya usafi ukutani. Uso wako wa Jumanne jioni unapotoka maabara.

Ndiyo maana ujumbe wa "tumepata likizo, tunakuja kwako" huleta furaha na kiwewe kwa mpigo. Furaha haihitaji maelezo. Kiwewe kinatokana na hesabu unayoifanya kichwani papo hapo: baina ya maisha wanayodhani naishi na haya ninayoishi kuna pengo kiasi gani, na je, naweza kuliziba kabla hawajatua?

Wanafunzi wengi ninaowafahamu huamua kuliziba. Wanakopa, wanahamia kwa muda kwenye chumba cha mwenzao aliyesafiri, wanapanga matembezi kutwa ili mgeni asipate nafasi ya kukaa chini na kutazama. Mimi ni wa upande mwingine. Pengo liachwe wazi, mgeni alione, alale humo humo. Lakini kwanza kuna makaratasi, maana bila hayo hakuna mgeni wa kuonyeshwa chochote.

Rafiki akishapata likizo, sentensi yake ya kwanza huwa, "Wewe tutumie tu barua ya mwaliko." Hiyo "tu" ina mzigo. Kila nchi ina namna yake ya kuitazama barua hiyo, na mara nyingi uzito wake si ule ambao watu wa nyumbani wanaudhania. Marekani, kwa mfano, mwombaji wa viza ya matembezi hatakiwi hata kuwa na barua ya mwaliko. Kinachopimwa ni yeye mwenyewe. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo, sheria ya mwaka 1952, kinamtaka afisa amhesabu mwombaji wa viza hiyo kuwa anakusudia kuhamia, mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kazi yake, familia yake na mambo yanayomrudisha kwao ndivyo vinavyomsemea. Barua yako, hata ikipambwa vipi, haimtengenezei mtu ajira. Uingereza nako viza ya kawaida ya mgeni humruhusu kukaa hadi miezi 6, na swali linalosumbua ni lile lile: huyu ataondoka?

Kwingine mwenyeji hubebeshwa zaidi. Ufaransa, anayemlaza mgeni nyumbani kwake huomba hati ya kumpokea kwenye ofisi ya meya wa eneo anakoishi, na hali ya makazi yake hutazamwa. Wanafunzi wa huko wanaoishi kwenye vyumba vya mita 9 za mraba wanajua kwa nini nakitaja kipengele hicho. Ujerumani kuna tamko ambalo mwenyeji hutia saini mbele ya ofisi ya wageni kwamba atabeba gharama za anayekuja, na baadaye serikali ikilazimika kumtunza mgeni huyo, inaweza kumdai aliyesaini. Karatasi ya namna hiyo haisainiwi kwa kuona haya. Nimemsikia mwanafunzi akijisifu kwamba alimsainia rafiki wa rafiki yake. Sikumwelewa, na hadi leo simwelewi.

Kwa wanaokwenda nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ambazo sasa ni 29, hesabu zinazofaa kuwekwa mapema kwenye kundi lenu la simu ni hizi. Mgeni anaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo ni za eneo zima, si za nchi moja moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini unaweza kuvutwa hadi 45. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Anayeandika "tunakuja mwezi ujao" hajazisoma namba hizi, naye ndiye atakayekulaumu wewe miadi ya ubalozi ikikosekana.

Ukifika wakati wa kuandika barua yenyewe, andika mambo makavu: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, tarehe ya kufika na ya kuondoka, anwani utakapomlaza, mlifahamiana wapi, na nani analipia nini. Ambatisha nakala ya kibali chako cha ukaazi na uthibitisho wa usajili wa chuo. Sehemu ya nani analipia nini ndiyo wengi huivuruga, kwa sababu wanaandika kama watu wanaotoa mahari. "Nitagharamia kila kitu." Unaishi kwa posho ya ufadhili, ndugu yangu, na afisa ataiona taarifa yako ya benki. Mimi huandika hivi: malazi ni kwangu, nauli, bima na matumizi ni juu yake. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ukweli una faida ya kuwa hauhitaji kukumbukwa mgeni akiulizwa tena uwanja wa ndege.

Kisha kuna hosteli. Hosteli nyingi za vyuo huweka kikomo cha usiku ambao mgeni anaweza kulala mfululizo, hutaka jina lake liandikishwe, na nyingine hutaka idhini ya mnayeshirikiana naye chumba. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo hucheka: mtu mzima anaomba ruhusa ya kulaza rafiki! Ila sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa. Moto ukizuka saa nane usiku, wazima moto wanataka kujua ni watu wangapi wamelala humo ndani. Kumwingiza mgeni kwa mlango wa nyuma ni kumfanya asiwepo kwenye hesabu hiyo. Andikisha, lipa kama kuna cha kulipa, halafu leta godoro la kujaza upepo.

Kuhusu majira nitasema kidogo tu. Wageni huchagua tarehe kwa likizo zao na bei ya tiketi, wewe una kalenda ya mitihani, na kaskazini ya mbali kuna jambo la tatu, nalo ni jua. Stockholm mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa nne usiku. Desemba huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mgeni aliyeota kutembea kutwa akifika Desemba atapata nusu ya alichokiota, na yule wa Juni atakuwa macho usiku akikusimulia mambo huku wewe una semina asubuhi. Wiki ile baada ya mitihani, kabla kazi za likizo hazijaanza, ndiyo bora kuliko zote. Nayo ni ya kuipigania mapema.

Sasa fedha, jambo ambalo watu wa kwetu hulizungukazunguka mpaka linawauma.

Nyumbani kuna imani kwamba aliye ughaibuni anazo. Huwezi kuilaumu sana imani hiyo, maana picha zako zimeilisha. Mgeni anafika akiwa ametumia akiba yake yote kwenye nauli, na moyoni mwake ameshafunga mahesabu kwamba akishatua, mwenyeji ataendelea pale alipoishia yeye. Mwenyeji naye anadhani mtu aliyeweza kulipia tiketi ya ndege hakosi nauli ya basi. Kila mmoja anamsubiri mwenzake mbele ya mashine ya tiketi. Wote wawili ni watu wema, na ukimya unawaharibia.

Marafiki zangu wawili waliokuja mwaka jana, mmoja tunamwita Mwalimu kwa sababu ni mwalimu, mwingine tunamwita Bosi kwa sababu siku zote alikuwa na madeni. Niliwapigia kabla hawajakata tiketi. Nikasema, "Jamani, nisikilizeni. Kulala ni bure. Chakula cha nyumbani tutapika pamoja, na gharama tunagawana. Tukitoka nje, kila mtu na mfuko wake. Zikinipungukia nitasema, na zikiwapungukia semeni." Kimya kikapita kwenye simu. Halafu Bosi akasema, "Kwa hiyo huna hela." Nikamwambia, "Sina." Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Afadhali umesema. Mimi nilikuwa nakopa nikuletee zawadi inayolingana na wewe."

Hapo ndipo nilipoona kwamba uwongo wa mfuko unakula pande zote mbili. Wao walikuwa wanajitutumua kunifikia mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwepo. Tungenyamaza, wangefika na zawadi ya mkopo, ningewapeleka mahali pa mkopo, na sote tungetabasamu kwenye picha ambayo ingewatia wengine mkopo.

Mizigo nayo ina siasa yake. Safari ya rafiki ikitangazwa, kila mtu anayekufahamu huleta kifurushi. Mwambie msafiri abebe alichokifunga kwa mikono yake au alichokiona kikifungwa, na asione aibu kufungua. Wanaokwenda Umoja wa Ulaya wajue kwamba nyama na vitu vya maziwa kutoka nchi nyingi za nje haviruhusiwi kupita kwenye begi la msafiri, hata kama vimefungwa na mama mzazi. Marekani kila chakula hutakiwa kutajwa kwenye forodha. Adhabu humwendea aliyeficha, na aliyetaja huishia kunyang'anywa tu. Nimewahi kumsubiri mgeni muda mrefu kwenye mlango wa kutokea, naye huko ndani anamweleza afisa historia nzima ya shangazi yangu.

Siku ya kwanza usiipangie kitu. Mtu aliyevuka majira mengi ya saa amekuja na mwili ambao bado uko kwao, na kwa kawaida mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Anayesafiri kuelekea mashariki hupata tabu zaidi ya anayeelekea magharibi, kwa kuwa saa ya ndani ya binadamu huenda kidogo zaidi ya saa 24, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kwake kuliko kuwahi. Mwanga wa nje ndio unaosaidia kuliko vyote. Mtoe nje, mtembee taratibu, mzungumze mambo yasiyo na maana, alale usiku wa hapo. Hata aliyesafiri kaskazini na kusini bila kubadili saa anafika amechoka kwa kukaa. Ziara ya makumbusho siku hiyo ni adhabu.

Siku zinazofuata ndizo zinazotatanisha, na zimenifanya nitafute maandishi ya watu waliolichunguza jambo hili. Mwaka 1955 mwanasosholojia Mnorwe, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya wasomi wapatao 200 wa Norwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi 6 walijihisi vizuri, waliokuwa baina ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu zaidi, na waliopita miezi 18 walikuwa wamerudi kwenye utulivu. Ukichora unapata bonde. Miaka michache baadaye mwanaanthropolojia Kalervo Oberg akaeleza hatua za mtu anayeingia ugenini, na ya kwanza aliifananisha na fungate: kila kitu kinavutia, kila mtu ni mwema. Watafiti waliokuja baadaye wamelikosoa sana bonde hilo, wakisema watu wengi hawapiti njia hiyo, na wapo wanaoanza na dhiki tangu siku ya kutua. Sawa. Lakini mimi naliona lina jambo moja la kweli kwa anayepokea wageni.

Marafiki huja lini? Mwezi wa kwanza hawaji, bado unatafuta mahali pa kulala mwenyewe. Huja mwaka wako wa kwanza unapokatika au wa pili unapoanza, baada ya kukusanya nauli. Maana yake ni kwamba wanafika wewe ukiwa chini kabisa bondeni, na wao wakiwa kwenye fungate. Wewe umechoka na treni, wao wanaipiga video. Wewe huyo mhudumu wa ofisi ya wanafunzi humtaki hata kumwona, wao wanasema, "Jamani watu wa hapa wastaarabu!" Unawatembeza kwenye bustani unayoipita kila siku ukiwa umeinamisha kichwa kwa sababu ya sura ya tatu ya tasnifu, na Bosi anasimama katikati ya njia na kutamka, "Wewe unaishi peponi, halafu unalalamika."

Nilikasirika. Nakiri nilikasirika sana kwa neno dogo, na nadhani kila mwanafunzi aliyepokea wageni anaijua hasira hiyo. Inakuja kwa sababu mtu uliyemtarajia akuonee huruma anakuonea wivu. Unataka kumwambia: wewe umeona wiki ya kwanza, mimi niko ya sitini na ngapi. Ila kuna upande mwingine ambao sikuutarajia. Siku mbili baadaye nilipita kwenye bustani ile peke yangu nikielekea maabara, nikainua kichwa. Kweli ni nzuri. Sikuwa nimeitazama tangu muhula wa kwanza. Mgeni anakuazima macho aliyokuja nayo, upende usipende.

Lakini na yeye anahitaji kuazimwa ya kwako, na hapo ndipo ninapogombana na wenyeji wanaojaza ratiba. Alama maarufu za mji mgeni anaweza kuziona bila wewe. Zina vibao, zina ramani, zina foleni ya watu wanaokwenda huko huko. Kisichokuwa na kibao ni siku yako ya kawaida. Kwa hiyo mimi niliwapa marafiki zangu ufunguo, kadi ya usafiri na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi (simu huzima chaji, karatasi haizimi), nikaenda darasani. Asubuhi nzima walipotea. Walipanda basi la upande usiofaa, wakafika mwisho wa njia, dereva akawarudisha. Jioni walikuwa na hadithi yao wenyewe ya mji ambayo mimi sikuwamo, na naamini hiyo ndiyo waliyoisimulia nyumbani kuliko jengo lolote nililowaonyesha.

Siku nyingine Mwalimu aliomba kunifuata chuoni. Nilimtahadharisha kwamba ni kuchosha. Alikaa nyuma kwenye mhadhara wa wazi asioelewa hata robo yake, akawatazama wanafunzi badala ya mhadhiri. Tukaenda maktaba, akanitazama nikisoma. Nilifuta aya moja zaidi ya mara kumi. Mchana nilipata barua pepe ya msimamizi wangu yenye maneno matatu ya sifa na ukurasa mzima wa marekebisho, nikanyamaza. Mwalimu hakusema kitu mpaka tulipotoka. Kisha akauliza, "Ndivyo ilivyo kila siku?" Nikasema siku nyingine barua haiji kabisa. Akatikisa kichwa. "Mimi nikikupigia huwa unaniambia masomo yanaendelea vizuri."

Yanaendelea vizuri. Ndivyo tunavyosema sote, kwani simu ya kutoka mbali haina nafasi ya kueleza ukurasa wa marekebisho. Unayeongea naye hajui msimamizi ni mtu wa namna gani, hajui chumba kina mwanga kiasi gani saa kumi jioni, hivyo unachagua neno fupi linalofunga mada. Baada ya siku ile, Mwalimu analijua jengo, anaijua meza, anaijua hata sauti ya kiyoyozi juu ya meza. Nikimwambia leo "nilikwama maktaba" anaona mahali. Mazungumzo yetu yaliacha kuwa ripoti. Hii ndiyo faida ninayoiona kuwa kubwa kuliko aibu ya kuliacha pengo wazi, na haipatikani kwa mgeni uliyemtembeza kwenye maisha ya kuazima, kwa sababu huyo akirudi atakuwa anakupigia simu kwenye nyumba usiyoishi.

Walikaa wiki mbili. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwenye chumba kimoja jembe lenyewe ni zamu. Bosi alipewa vyombo na kutandua godoro kila asubuhi ili mlango ufunguke. Mwalimu alijitwalia ufagio bila kuombwa. Niligundua kwamba kazi inamtuliza mgeni. Mtu anayehudumiwa tu hukaa ukingoni mwa kiti, anauliza kabla ya kunywa maji. Akishaosha sufuria mara moja anajua vilipo vijiko, na akijua vilipo vijiko amefika. Na tuligombana pia, mara moja, juu ya dirisha: wao walitaka lifungwe, mimi nataka hewa. Ilipita.

Usiku mmoja niliwakutanisha na wenzangu wa chuo. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Una nafsi mbili ambazo hazijawahi kukaa chumba kimoja: ile inayotaniana kwa lugha ya nyumbani na kukatiza watu maneno, na ile ya chuoni inayosubiri zamu yake ya kusema. Zote zinaitwa kwa jina lako, na sasa zina mashahidi. Nilikuwa natafsiri utani pande zote, na utani uliotafsiriwa unafika umekufa. Wenzangu wa chuo walishangaa kusikia sauti yangu halisi ilivyo kubwa. Bosi naye alishangaa jinsi nilivyokuwa nasema "samahani" kabla ya kila sentensi. "Unaomba msamaha wa nini?" aliniuliza mbele za watu. Sikuwa na jibu, na wenzangu wa chuo, baada ya kutafsiriwa, wakacheka kwa sababu nao walikuwa hawajui.

Kuna jambo ambalo sikulihesabu kabisa nilipokuwa naandaa chumba. Nilijiona ndiye nitakayekaguliwa. Kumbe na wao walikuwa wamenitumia picha. Miezi yote hiyo taarifa za nyumbani zilinifikia zikiwa zimechujwa: wote wazima, wanakusalimu, soma. Usiku wa mwishomwisho, taa ikiwa imezimwa na sote tumelala chini kwa kuwa nilikataa kuwa juu ya kitanda peke yangu, Mwalimu alianza kusema. Kwamba baba yangu alilazwa mwezi wa mitihani, akatoka salama, na aliamuru nisiambiwe. Kwamba rafiki yetu mmoja aliyekuwa akijibu ujumbe kwa alama ya kicheko tu alikuwa ameachwa na mkewe. Kwamba Bosi mwenyewe ile biashara iliyokuwa ikipendeza kwenye picha ilifungwa kabla ya safari, na nauli yake ilitokana na kuuza vitu vya dukani. Bosi hakukanusha. Alisema tu, "Nilitaka kufika kwako kwanza kabla sijasema."

Nilikasirika kuhusu baba kwa muda wa saa nzima. Nikiwa mbali namna ile ningefanya nini, waliniuliza, na jibu la haki ni kwamba nisingefanya kitu ila kukosa usingizi na pengine mtihani. Hata hivyo niliomba tukubaliane: habari ya hospitali niambiwe siku ile ile, ngumu au nyepesi, na mimi nitaacha kusema "vizuri" wakati si vizuri. Bosi akaongeza sharti lake, kwamba nisimtumie tena picha ya bustani bila ukurasa wa marekebisho. Tumelishika agano hilo kwa kiasi. Siku nyingine bado napunguza, na najua wao wanapunguza pia. Lakini baba sasa hunipigia mwenyewe akitoka kliniki, akalalamika foleni, akaniuliza kama huku kwangu dirisha limefunguliwa au limefungwa.

Safari ya kurudi haikuwa na mengi. Mabegi yalipimwa kwa mizani ya jirani, kilo 23 kila moja, na Bosi akaacha viatu ili vifurushi vya watu vitoshe. Orodha ya waliotaka zawadi ilikuwa ndefu kuliko ilivyowezekana. Tuliipunguza pamoja, jina kwa jina, tukajadili nani ataelewa na nani hataelewa, na hao wasioelewa tukawanunulia.

Tangu hapo kuna mabadiliko ambayo sikuyaomba. Zamani ndugu na jamaa wakiuliza kwa nini situmi fedha, au kwa nini sichangii harusi ya mtu ambaye sijawahi kumwona, nilijieleza mwenyewe kwa simu, kwa aya ndefu, na nilipomaliza nilisikika kama mchoyo mwenye elimu. Siku hizi maswali hayo yanaishia kwa Bosi kabla hayajanifikia. Mwalimu ndiye aliyenisimulia: kikao cha harusi, mtu akasema yule wa ughaibuni abebe ukumbi. Bosi akaomba nafasi ya kusema, akasimama. "Hata mimi nilidhani hivyo," akawaambia, "mpaka nilipolala sakafuni kwake, na yeye akalala sakafuni pembeni yangu. Mwandikieni kiasi kile kile mlichoniandikia mimi."

Wakaniandikia hicho. Nimelipa nusu.